Bunduki ya Miale ya Goweko

Mimi, Adinani Awadhi, mwanafunzi wa kidato cha nne, mwenye adhabu kumi na moja za kufyeka nyasi na barua mbili za kuitiwa mzazi, natoa maelezo haya bila kulazimishwa na mtu. Naanza na silaha, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya habari hii ninayoweza kuieleza bila kusimama katikati.

Klabu ya sayansi ya shule yetu ilitunga igizo la siku ya wazazi. Ndani yake, mwaka 2400, msafara kutoka nyota nyingine unashuka Tabora na kuifuata ile njia ya zamani ya misafara kuelekea pwani, ila mara hii mizigo inaelea hewani na walinzi wana bunduki za miale badala ya magobore. Igizo lilikuwa baya. Nalisema hilo kwa heshima zote, maana nusu yake niliandika mimi. Lakini bunduki ilihitajika, na kazi hiyo tulipewa watu watatu: mimi, Sabiri ambaye ni fundi umeme wa klabu, na Gerson.

Gerson alikuwa rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Goweko, mrefu, mpole, mtu wa kusali kabla ya kula maharage ya shule, ingawa kwa maoni yangu maharage yale yalihitaji sala baada ya kuliwa.

Mtutu tuliutengeneza kwa bomba la plastiki la maji. Tulilipasha juu ya makaa, likalainika, tukalipanua mdomo kwa chupa ya soda. Mbele tukaweka kifuniko cha chupa ya chai kilichotobolewa, na katikati kopo la maziwa ya unga lililozungushiwa springi za godoro ambalo mwenyewe hajalikumbuka mpaka leo. Ndani ya mtutu tukaingiza tochi ya Kichina na kipande cha taa nyekundu ya nyuma ya bodaboda. Sabiri akaleta kazi yake bora kuliko zote: king'ora cha bajaji, kile kinacholia inaporudi nyuma. Alikiunga na betri na swichi, kisha akakibana kwa kitambaa mpaka mlio ukawa mwembamba na wa ajabu, kama mbu aliyekasirishwa na serikali.

Kilichobaki ni kitako. Baba yangu ni fundi bati pale Ng'ambo, na alikuwa amenipiga marufuku karakana yake kwa sababu ambazo sitaki kuzijadili hapa. Kwa hiyo likizo fupi ya Pasaka ilipofika, Gerson akasema, "Twende nyumbani. Kuna vipande vya mninga. Na mama anahitaji mikono."

Nikapanda naye treni, bunduki ikiwa ndani ya gunia.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Baba yake Gerson alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na mabishano ya chini chini. Baba yake mdogo, Xavery, alitaka Gerson aache shule ashike shamba la marehemu. Mama yake, Mama Apolinaria, alitaka amalize kidato cha nne. Mwishowe walipatana kwamba bani la mwisho la kukaushia tumbaku msimu huo, la majani ya juu, litakuwa la Gerson. Likitoka salama, anarudi shule. Likiharibika, anabaki. Kila mtu pale nyumbani alilijua hilo. Mimi niliambiwa siku ya kwanza, tukiwa tunakula.

"Kwa hiyo unasoma kwa moshi," nilimwambia Gerson.

"Kwa moto," alisema. "Moshi ukiingia ndani, tumbaku inanuka, wanunuzi hawaichukui."

Kwa asiyejua, bani ni nyumba ndefu ya tofali isiyo na dirisha. Majani mabichi hufungwa kwenye fito na kuning'inizwa ndani, safu juu ya safu, mpaka karibu na paa. Nje kuna tanuru, na moto wake hupita ndani kwa mabomba ya bati yaliyolala sakafuni. Kazi huchukua siku sita au saba na inahitaji macho kuliko misuli. Siku za mwisho, vikonyo vinapokaushwa, majani yanakuwa makavu kama karatasi ya daftari la zamani. Moto ukizidi, bomba linakuwa jekundu. Jani moja likidondoka juu ya bomba jekundu, bani lote limekwenda.

"Ukishatia kuni, usiondoke," Mama Apolinaria alinieleza mimi mgeni, akinionyesha kipimajoto kilichoning'inia nyuma ya kitundu chenye kioo. "Hata nyoka akipita, muangalie apite, wewe kaa."

"Na nikibanwa na haja, mama?"

"Muite Gerson kwanza."

"Na Gerson akibanwa?"

"Akuite wewe," alisema, na akacheka. Nilipenda sana kumchekesha. Alikuwa na kicheko cha mtu aliyekisahau mahali na kukiona tena.

Tulikesha kwa zamu, na mchana Gerson alichonga kitako pale pale mbele ya tanuru. Mimi nilitaka kitu cha ajabu, kilichopinda kama pembe. Gerson alichonga kitako kile alichokijua.

"Hiki ni cha gobore," nilimwambia. "Sisi tunatoka nyota nyingine."

"Hata huko watu wana mabega," alijibu. "Kitako kinakaa begani. Shika uone."

Nikashika. Kilikaa vizuri mno. Tukapaka bunduki nzima rangi ya fedha, ile ya mageti, na ilipokauka tukaichakaza: masizi ya tanuru na mafuta ya kujipaka, tukasugua kwenye kona na kwenye misumari, maana silaha ya mwaka 2400 inayong'aa kama sufuria ya harusi haimtishi mtu. Tulipomaliza ilionekana imepigana vita vitatu na kushindwa viwili. Gerson aliigeuza mkononi, halafu akasema, "Usimwonyeshe baba mdogo. Atasema ndicho tunachojifunza."

Baba mdogo Xavery alikuwa na mengi ya kusema. Kila jioni alipita na baiskeli yake, akaangalia kipimajoto, akaangalia mikono yangu.

"Mikono ya kushika kalamu," alisema. "Wewe ukiona mwizi utamfanyia hesabu?"

"Nitamwandikia barua, baba."

"Mimi niliwahi kuwafukuza watu wawili wenye magobore mpaka mtoni. Peke yangu. Muulize Gerson."

"Mwaka jana alikuwa mmoja," Gerson alininong'oneza. "Mwaka juzi alikuwa fisi."

Xavery alikuwa mlinzi wa sungusungu, na alivaa filimbi yake shingoni hata akienda kanisani. Sikumchukia. Lakini kila alipoondoka Gerson alikuwa mnyonge zaidi, na mimi nikaona ni wajibu wangu, kama rafiki na kama msomi, kumpunguza huyu mzee ukubwa. Hayo ndiyo niliyojiambia. Pia niliona itachekesha.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Mama Apolinaria alikwenda na wenzake kusafisha kanisa. Ilikuwa siku ya sita ya bani. Saa tisa alasiri zamu ilikuwa ya Gerson.

"Naenda kisimani kuoga," nilimwambia.

"Usichelewe. Natia kuni sasa hivi, nataka kwenda kula."

Nilipitia nyuma ya nyumba, nikachukua gunia langu. Xavery hurudi kutoka ghala la ushirika wakati huo, kwa njia ile ya zamani inayopita msituni, pana na iliyonyooka, ambayo wazee husema misafara ndiyo iliyoikanyaga mpaka ikawa ngumu hivyo. Nikavaa mfuko wa mbolea uliotobolewa mikono, nikavaa ndoo ndogo kichwani yenye matundu mawili ya macho, nikasimama nyuma ya mti. Baiskeli ilipokaribia nikatoka, nikaweka kitako begani, nikabonyeza swichi.

Mwanga mwekundu. Mlio. Nikasema kwa sauti ya ndani ya ndoo, "Mwanadamu, simama!"

Sikupata kusema sentensi ya pili, na nilikuwa nimeiandaa vizuri. Xavery aliitupa baiskeli, akaruka mtaro, akakimbia kwa kasi ambayo mwalimu wetu wa michezo angeilipia nauli. Nilicheka mpaka ndoo ikanigonga pua. Halafu nikasikia filimbi.

Goweko filimbi ile haipulizwi ovyo. Mtu akipiga mwano, yaani wito wa hatari, anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele, na kila mwanamume anaacha alichoshika na kukimbilia unakotoka, na silaha yake. Haulizi. Nyumba isiyotoa mtu inatengwa: haisalimiwi, haiazimwi moto, haizikiwi. Kule msituni kuna majangili na watu wenye bunduki za kutengeneza wenyewe, na watu wameshapigwa risasi kwa ajili ya ng'ombe wawili. Filimbi ya pili ikajibu upande wa ghalani, ya tatu upande wa mto. Halafu ukelele ule mrefu, kutoka mdomo mpaka mdomo, na sauti ya Xavery katikati yake: "Bunduki! Wana bunduki! Njia ya zamani!"

Nikaacha kucheka. Nikaingia kichakani, nikalala kifudifudi na ndoo yangu.

Walipita karibu. Niliona miguu, mapanga, pinde, rungu. Nilimwona mtu mmoja ana sabuni sikioni. Mtu anayetoka kichakani na bunduki mkononi mbele ya mishale iliyovutwa haulizwi jina lake, na hilo nililijua. Lakini nasema kweli: ningeweza kuiacha bunduki chini, kuvua ndoo, na kuzunguka kwa nyuma mpaka nyumbani. Ni mwendo wa dakika kumi. Nililiona wazo hilo waziwazi. Nikaliacha lipite.

Ndipo Gerson alipotokea, akikimbia na fimbo ya baba yake. Tangu Agosti yeye ndiye mwanamume wa nyumba ile. Mwano ulimhusu. Alipofika njia panda aligeuza uso upande wa kisimani, ambako alidhani nipo, akaita kwa nguvu zake zote:

"Adinani! Moto! Adinani, angalia moto!"

Alisubiri kidogo. Sikujibu. Alikuwa umbali wa hatua thelathini, niliona jasho shingoni mwake. Akaita tena, halafu akaondoka kuwafuata wenzake.

Waliupekua msitu ule kwa muda ambao sikuwa na saa ya kuupima. Nilikuwa nikijiambia kwamba wakitawanyika tu nitakwenda. Nikajiambia kwamba moto ni mtulivu, kwamba Gerson huweka kuni chache. Kisha nikaona watu wanasimama na kutazama upande mmoja. Juu ya miti kulikuwa na moshi mweusi, mnene, unaopanda haraka.

Harufu ya tumbaku inayokauka ni nzuri, kama asali iliyoungua kidogo. Ikiwaka, inakaba. Nilipofika, baada ya kuficha kila kitu chini ya majani, paa la bani lilikuwa limeshaanguka ndani na kuta zimesimama kama chungu kinachochemka. Watu walirusha maji ya ndoo, lakini ilikuwa kwa adabu tu. Xavery ndiye aliyekuwa ameingia mlangoni akivuta fito kwa mikono mitupu. Alitoa fito tatu. Mikono yake ilikuwa imevuliwa ngozi, na hakuna aliyemwambia kwamba fito tatu hazifai kitu. Mama Apolinaria alifika kutoka kanisani akiwa bado ameshika ufagio. Hakulia. Alisimama akihesabu watu, mmoja mmoja, mpaka akaniona.

"Wote mko?" aliuliza. "Adinani, wewe uko mzima?"

"Niko mzima, mama."

"Haya," alisema.

Asubuhi, baada ya misa ya Pasaka, mkutano uliitwa mbele ya ghala la ushirika. Kamanda wa sungusungu, mzee Modest, ni mtu mfupi anayeongea polepole na kusikiliza kwa jicho moja likiwa limefumbwa. Xavery alieleza, mikono yake ikiwa imefungwa vipande vya khanga. Majambazi walikuwa watatu. Wakawa watano. Mmoja hakuwa na uso. Kila mtu alikubali kwamba ndio waliochoma bani wakati wakikimbia.

"Gerson," kamanda aliita. "Nani alikuwa kwenye moto?"

"Mimi."

"Ulipoondoka?"

"Niliuacha wenyewe, mzee. Nilikuwa ndiyo nimetia kuni. Mwano ulilia, nikaitika. Nilimwita mgeni wangu auangalie. Alikuwa kisimani. Hakusikia."

Mimi ni hodari wa uongo. Shuleni naheshimika kwa hilo. Na uongo huu ulikuwa umeshatengenezwa na mtu mwingine, umepigwa msasa, kilichobaki ni mimi kuuvaa.

"Nilisikia," nilisema.

Watu wakageuka. Sikuwa na ujasiri wowote; ilinitoka tu, kama kikohozi.

"Ulisikia ukafanya nini?" kamanda aliuliza.

"Nililala chini. Nilikuwa kichakani. Yule jambazi ni mimi."

Waliponiamini, jambo lililochukua muda, nilitumwa pamoja na watu wanne kuvileta vifaa vyangu. Kamanda alikiweka kile kitu juu ya mizani ya ghala. Mchana, mbele ya watu, kilikuwa bomba la maji na kopo la maziwa. Mtu mmoja alibonyeza swichi. King'ora kikalia, mwanga mwekundu ukaonekana kidogo sana kwa sababu ya jua. Hakuna aliyecheka. Xavery alikitazama kile kitako cha mninga, akamtazama Gerson, akajua kilichongwa na nani.

"Kwa nini mimi, mwanangu?" aliniuliza. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua kweli.

"Nilitaka kukuchekesha, baba."

"Kunichekesha mimi?"

"Kukucheka," nilisema.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei asiyoielewa.

Hawakunipiga. Kamanda alisema mimi ni mgeni na ni mtoto wa watu. Nitapewa chakula na mahali pa kulala. Lakini nisisalimiwe, nisijibiwe, nisipokelewe kitu kutoka mkononi, mpaka treni inichukue. Atakayenisemesha, nyumba yake inatengwa pamoja nami.

Treni ilikuwa Jumanne. Siku mbili ni chache sana mtu akizitaja tu. Asubuhi nilimwambia Mama Apolinaria shikamoo, naye akaweka uji mbele yangu na kwenda. Nikamwambia tena mchana, na jioni, nikiamini kwamba mara moja "marahaba" itamponyoka. Kijiji kizima kilikuwa kinapita kunizunguka kama maji kwenye jiwe. Nilikwenda kumsaidia Gerson kuchambua tofali zilizopona kutoka zilizopasuka. Alihamia upande wa pili wa rundo. Nilifanya vichekesho vyangu vyote. Nilimwigiza mwalimu wa zamu. Nilimwigiza Sabiri akipigwa na umeme. Nilianza kuona kwamba mtu asiyejibiwa, baada ya muda, anaanza kujisikiliza, na hilo silipendekezi kwa yeyote.

Jioni ya Jumatatu Xavery alikuja. Alikaa na mama kwenye vigoda, nikasikia kupitia ukuta, maana hawakushusha sauti, kwao sikuwapo.

"Sisemi kwa furaha, shemeji," alisema. "Ningependa niwe nimekosea."

"Tulisema likitoka salama," alijibu Mama Apolinaria.

"Tulisema."

"Halikutoka."

"Mikono hii haitalima mwaka huu. Ningekuwa nayo, ningesema aende tu."

Hapo ndipo nilipoacha kutumaini kwamba kuna mtu wa kumlaumu zaidi yangu.

Jumanne Gerson alinibebea begi mpaka stesheni. Sheria haikukataza kubeba begi. Nilizungumza njia nzima. Nilimwambia nitamweleza mkuu wa shule kila kitu, nitamwomba baba yangu, tutachangishana bwenini, atarudi mwezi wa saba, atanukuu madaftari yangu, ingawa yangu hayana kitu. Niliomba msamaha pia. Niliomba kwa namna nyingi, nyingine za kijinga. Alitembea mbele yangu hatua mbili, begi begani, na sikuuona uso wake.

Stesheni kulikuwa na watu kumi hivi wa Goweko, na magunia yao. Walinipa mgongo kwa pamoja. Treni ilichelewa kama kawaida, kisha ikaja. Gerson alipandisha begi mlangoni, akashuka, akasimama chini akitazama magurudumu.

"Gerson," nilisema. "Utarudi?"

Filimbi ya treni ililia. Wale watu waligutuka kidogo, wote, kwa mazoea.

"Kitanda changu mpe Sabiri," Gerson alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, wala hakunong'ona. Mwanamke mwenye gunia la karanga, aliyekuwa karibu kabisa, alimsikia. Aliinua macho akamtazama Gerson, akanitazama mimi, halafu akainama akaanza kulikaza upya gunia lake ambalo lilikuwa limeshakazwa.

"Nitampa," nilisema.

Treni iliondoka. Alikuwa ameshageuka kurudi kabla behewa letu halijaupita mwisho wa jukwaa, akitembea haraka, kama mtu aliyeacha kazi nyumbani.